Kuonana na Kukutana: Shauri la Madarasa Yaonanayo kwa Mbali

Katika shule nyingi za dunia siku hizi imeingia desturi mpya. Mwalimu huweka kioo mbele ya darasa, hufungua njia ya intaneti, na mara wanafunzi wake huwaona wanafunzi wa nchi nyingine wameketi katika darasa lao, wakicheka, wakisukumana, wakipunga mikono. Sauti zao zasikika huku, na sauti za huku zasikika kwao. Wengine huliita jambo hili mkutano wa video, wengine huliita simu ya picha. Jina si neno kubwa. Neno kubwa ni hili: watoto ambao yamkini hawatafikiana kamwe kwa miguu yao, sasa huonana kwa muda wa dakika arobaini, kisha kioo huzimwa, na kila mmoja huenda zake nyumbani.

Wako walimu wanaoisifu sana desturi hii. Wasema ya kuwa dunia imeingia darasani, na ya kuwa mtoto aliyemwona mwenzake wa mbali hatamdharau tena. Wako na wazazi wanaoitilia shaka. Wasema ni mchezo wa kupoteza saa za masomo, na ya kuwa mtoto asiyemjua mgonjwa wa nyumba ya pili hana haja ya kujua mtu wa ng'ambo anakula nini asubuhi. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zina maneno ya kweli, lakini swali lenyewe bado halijaulizwa vema. Swali si kama chombo hiki ni kizuri au kibaya. Swali ni hili: Je, kuonana ni kukutana? Tena, mtoto wetu akiisha kumwona mtoto wa watu na kumwuliza habari za nyumbani kwake, je, yampasa neno lo lote kwa ajili yake, au amekwisha kuburudika na basi?

Yafaa tuanze na nchi iliyolijaribu jambo hili muda mrefu kuliko nyingine nyingi, nayo ni Australia. Katikati ya nchi ile ni nyika kavu, na wafugaji wa ng'ombe hukaa mbalimbali sana, hata jirani wa karibu aweza kuwa mwendo wa kutwa. Mtoto aliyezaliwa huko hapo zamani hakuwa na shule ya kuiendea. Masomo yake yalikuja kwa posta, naye aliyaandika majibu na kuyarudisha kwa posta. Akikosea hesabu, alijua kosa lake baada ya siku nyingi, wakati alipokuwa amekwisha kuisahau hesabu yenyewe.

Mwaka 1926 mchungaji wa Kipresbiteri, John Flynn, pamoja na fundi Alfred Traeger, walijaribu kupeleka habari kwa redio kutoka misheni ya Kilutheri ya Hermannsburg mpaka mji wa Alice Springs, mwendo wa kilometa kama 130. Hata kufika mwaka 1929 Traeger alikuwa amekwisha kutengeneza redio ipatayo nguvu zake kwa kukanyagwa kwa miguu, kama mtu akanyagavyo baiskeli, ili mtu aliye nyikani aweze kuita msaada. Haja ya kwanza ilikuwa wagonjwa, maana Flynn alikuwa ameanzisha kazi ya madaktari wasafirio kwa ndege mwaka 1928. Lakini chombo kilichowekwa kwa ajili ya wagonjwa kilikaa nyumbani pamoja na watoto, nao watoto wakajifunza kukitumia.

Ndipo mama mmoja, Adelaide Miethke, aliyekuwa mkaguzi wa shule katika Australia ya Kusini na mshirika wa kazi ya madaktari wale, alipoona mambo mawili. Aliona ya kuwa watoto wa nyikani walikuwa na haya nyingi mbele ya watu, kwa sababu hawakuzoea wenzao. Tena aliona ya kuwa watoto hao hao hawakuiogopa redio. Akashauri redio itumike kwa kufundisha. Mwaka 1951 shule hiyo ikaanza kazi yake katika Alice Springs, ikaitwa School of the Air, yaani shule ya hewani. Leo nchi inayohudumiwa na shule ile moja ni zaidi ya kilometa za mraba 1,000,000, kubwa kuliko Tanzania yote.

Sasa msomaji na aangalie sana mambo matatu yaliyotokea huko, maana ndani yake mna nusu ya jibu letu.

Jambo la kwanza: mwanzoni mwalimu alisema, na watoto walisikiliza tu. Haukupita muda, ikaonekana ya kuwa haitoshi, wakaongeza wakati wa maswali na majibu mwishoni mwa kila somo. Kwa nini haikutosha? Mwalimu aliyasema maneno yale yale, na masikio ya watoto yalikuwa yale yale. Ila mtu asiyeweza kujibu hayuko katika mazungumzo. Yuko nje ya mlango akisikiliza ya ndani. Siku mtoto yule alipoweza kusema, "Mwalimu, sikuelewa," siku hiyo ndipo shule ilipoanza.

Jambo la pili: pamoja na sauti ya mwalimu, watoto walisikia sauti za wenzao. Mtoto aliyedhani ya kuwa yeye peke yake hajui kugawanya, alimsikia mwingine, kilometa mia tatu mbali, akishindwa hesabu ile ile. Faraja hiyo kitabu hakiwezi kuitoa.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Baada ya mwaka 2000 shule za namna hiyo zilianza kutumia setilaiti na picha, na sasa mwalimu na mwanafunzi huonana uso kwa uso katika kioo. Walakini hawakuacha kusafiri. Walimu wa Alice Springs bado huenda nyikani kuwazuru wanafunzi majumbani mwao, na wanafunzi hukusanyika mjini kwa majuma kadhaa kila mwaka, wacheze na kusoma pamoja. Watu waliokizoea chombo kuliko watu wengine wote hawakusema, "Sasa twaonana, safari za nini?" Walijua ya kuwa kioo chatunza urafiki kati ya safari na safari; lakini safari zenyewe hakiwezi kuzifuta. Wahenga wetu walisema, Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Basi, wale wasemao ya kuwa chombo hiki ni mchezo tu, na wawatazame watoto wale. Na wale wasemao ya kuwa chombo hiki kimeondoa umbali, na wawatazame walimu wale wakipakia mizigo garini.

Lakini yatupasa kukiri ya kuwa mfano wa Australia ni mwepesi kuliko mambo mengine. Watoto wale na mwalimu wao ni watu wa nchi moja, lugha yao moja, na kila upande wajua kwa nini upande wa pili uko pale. Shauri huwa gumu pale madarasa mawili yasiyojuana yaunganishwapo, hasa ikiwa moja ni la matajiri na la pili ni la maskini. Hapo ndipo kioo kiwezapo kuleta heshima, na hapo hapo ndipo kiwezapo kuleta dharau iliyovikwa nguo ya upendo.

Kwanza tutazame jinsi chombo kifanyavyo kazi, kwa maana hata umbo lake latufundisha. Jicho la kamera huwekwa juu ya kioo, si katikati yake. Kwa hiyo mtu amtazamaye mwenzake katika kioo huonekana kwake kama mtu aliyeinamisha macho. Akitaka mwenzake aone ya kuwa anatazamwa usoni, sharti aache kumtazama, alitazame tundu dogo la kamera. Basi wawili hawa hawawezi kutazamana macho kwa macho kwa wakati mmoja, hata wakitaka sana.

Tena liko shauri la kuchelewa kwa sauti. Setilaiti za namna ya zamani hukaa juu ya dunia kilometa kama 36,000. Neno lisemwalo hupanda huko na kushuka, nalo jibu hupanda na kushuka vile vile. Hata nuru, ipitayo vitu vyote kwa mbio, huhitaji karibu nusu ya sekunde kwa safari hizo. Huonekana ni kitu kidogo. Lakini watu wawili wakizungumza, nusu ya sekunde yatosha kuwafanya waseme pamoja, kisha wanyamaze pamoja, kisha kila mmoja adhani ya kuwa mwenzake hana adabu. Mikongo iliyolazwa chini ya bahari hupunguza sana taabu hiyo. Pwani yetu ya Afrika Mashariki iliupata mkongo wake wa kwanza wa namna hiyo, uitwao SEACOM, mwaka 2009, ukafika Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti. Siku hizi ziko na setilaiti zirukazo chini zaidi, nazo hazichelewi hivyo. Hata hivyo, po pote intaneti iliyo dhaifu, picha hukatika na sauti hupotea. Mwalimu mwenye hekima huwafundisha watoto kwanza kungoja: mwenzako akinyamaza, hesabu moja, mbili, ndipo useme. Darasa lisilojifunza kungoja litasema ya kuwa watoto wa upande wa pili ni wazito wa akili, na kumbe uzito ulikuwa katika njia.

Ulikuwako mchezo mmoja uliopendwa na walimu wa nchi nyingi, ulioitwa Mystery Skype, kwa jina la chombo cha Skype kilichoanza mwaka 2003 na kufungwa mwezi wa Mei 2025. Madarasa mawili yaliunganishwa na walimu wao, na watoto hawakuambiwa wenzao wako nchi gani. Kila darasa liliuliza maswali ya kujibiwa ndiyo au siyo: Je, mko kusini ya ikweta? Je, nchi yenu ina bahari? Lililotambua kwanza mahali pa lingine lilishinda. Chombo kile kimefungwa, lakini mchezo wenyewe waweza kuchezwa kwa chombo cho chote, nasi twausifu kwa sababu moja kubwa: pande zote mbili zauliza, na pande zote mbili zajibu. Hapana aliye mwalimu wala aliye kitu cha kutazamwa. Watoto hushika ramani, hubishana, hufikiri. Lakini mchezo huo una ukomo wake. Darasa likiisha kupata jina la nchi, hupiga makofi na kufurahi kama watu waliokamata sungura. Wamelijua jina la mahali, na hapo ndipo safari ya kuwajua watu ingepaswa kuanza. Mwalimu akizima kioo saa ile ya makofi, amewafundisha jiografia, nayo ni njema. Asidhani ya kuwa amewafundisha ujirani.

Sasa na tuje kwenye jambo linaloonekana dogo, nalo ni saa. Tuchukue miji miwili kwa mfano: Iringa katika Tanzania na Saint Paul katika Marekani. Washarika wengi wanajua ya kuwa Dayosisi ya Iringa na sinodi ya Kilutheri ya Saint Paul zina udugu wa miaka mingi uitwao Bega kwa Bega. Hatuneni habari za shule yo yote ya huko. Twaichukua miji hiyo kwa ajili ya kupima saa tu. Iringa huitangulia Saint Paul kwa saa nane wakati wa kiangazi chao, na saa tisa wakati wa baridi yao. Darasa la Saint Paul likitaka mkutano saa tatu asubuhi, saa iwafaayo wao, Iringa itakuwa saa kumi na moja jioni. Na wakati wa baridi yao itakuwa saa kumi na mbili jioni, jua likaribia kuchwa. Watoto wa Iringa wamekwisha kumaliza masomo. Yuko atakayeteka maji, yuko atakayepika, yuko binti mwenye kutembea saa nzima kufika kwao, na njia ina giza.

Nani basi abaki? Desturi ya dunia yajibu upesi: abaki mtoto wa Iringa, maana yeye ndiye apataye bahati ya kuonana na Marekani. Hapa twasema kwa nguvu: jibu hilo ni baya. Likikubaliwa, mkutano umekwisha kuharibika kabla kioo hakijawashwa, kwa sababu upande mmoja umekuja kama mwenyeji na upande wa pili umekuja kama mwombaji. Watoto wa Saint Paul wakiamka mapema wakawa darasani saa moja asubuhi, Iringa itakuwa saa tisa alasiri, au saa kumi wakati wa baridi yao. Hapo kila upande umetoa kidogo, huku usingizi, huku mchezo wa jioni, na binti atafika kwao jua lingaliko. Mzazi wa Saint Paul akisema ya kuwa ni taabu kumwamsha mtoto wake mapema hivyo, na ajibiwe ya kuwa taabu ile ndiyo somo la kwanza la siku ile, na labda ndilo kubwa. Mtoto aliyeacha usingizi kwa ajili ya mwenzake amekwisha kuanza kukutana naye.

Liko na jambo lingine gumu zaidi. Wageni wengi watazamapo shule maskini kwa kamera, kamera yao huenda upesi kwenye tundu la dari, kwenye dawati lililovunjika, kwenye mtoto asiye na viatu. Hufanya hivi kwa huruma. Hatuwahukumu mioyo yao. Lakini wenyeji wetu wana neno: Macho hayana pazia. Na kwa kuwa macho hayana pazia, ndiyo sababu nyumba zetu zina mlango, na mlango una hodi. Mtu hata akileta zawadi hubisha hodi, hungoja, na asiposikia karibu hurudi. Kamera haijui hodi. Huingia darasani na kuwaonyesha watu wa mbali viraka vya mtoto ambaye hakuulizwa kama ataka kuonekana hivyo. Jioni yake mtoto yule hajui ni nyumba ngapi zimemwona, wala zimesema nini. Na picha ikitunzwa katika kompyuta ya mtu, yaweza kukaa huko mpaka yeye awe mtu mzima mwenye watoto wake.

Mtu atasema, "Lakini kwa picha ile watu walitoa fedha, na dari likatengenezwa." Hoja hii ina nguvu, wala hatutaki kuipita kimya. Dari lisilovuja ni jema, na mtoto anayesoma chini yake hasomi chini ya maneno matupu. Walakini twauliza: Je, hapakuwa na njia nyingine ya kulitengeneza? Mwalimu mkuu angaliweza kuandika barua, kutaja bei ya mabati, na kumwonyesha fundi dari lenyewe bila kumwonyesha mtoto. Fedha ya dari ni neno la watu wazima, nalo lizungumzwe na watu wazima. Saa ya watoto na iwe ya watoto. Kwa maana mtoto aliyekuja kwenye kioo ili asikitikiwe atajifunza ya kuwa umaskini wake ndio neno lake bora kuliko maneno yake yote. Na mtoto wa upande wa pili atajifunza ya kuwa kumjua mwenzake ni kumhurumia, na ya kuwa yeye mwenyewe hana cha kupokea. Wote wawili wamefundishwa uongo, nao hawana kosa.

Kumbe wahenga walijua ya kuwa mambo ndivyo sivyo: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa kweli huleta kitu na mwenyeji wa kweli hutoa kitu, na mwisho wa siku haijulikani nani aliyempa mwenzake zaidi. Watoto wetu wana mengi ya kutoa. Wako wanaosema lugha tatu kila siku bila kujisifu. Wako wanaojua mvua itakuja lini kwa kutazama mlima. Wako wanaolea wadogo zao na kujua jinsi ya kumnyamazisha mtoto aliaye. Na watoto wa mbali nao wana zaidi ya mali: wana upweke wao, wana bibi zao wanaokaa peke yao, wana hofu za mitihani. Maswali yakifika huko, pande zote mbili zimekaa kwenye mkeka mmoja.

Tusisahau na wale wasiofikiwa na kioo hiki hata kidogo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga shule karibu dunia nzima, watu wengi walisema, "Masomo yataendelea kwa video." Mwezi wa Desemba mwaka ule, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNICEF na ITU yalitangaza ya kuwa watoto na vijana bilioni 1.3 wenye umri wa miaka 3 mpaka 17, ndio theluthi mbili ya wote duniani, hawakuwa na intaneti nyumbani. Katika Kenya shule zilifungwa mwezi wa Machi 2020, na wanafunzi wote kwa jumla hawakurudi mpaka Januari 2021. Katika mtaa mmoja mtoto wa mwenye simu alimwona mwalimu wake, na mtoto wa jirani yake, aliyekaa naye dawati moja, hakumwona. Hapakuwa na bahari kati yao; palikuwa na ukuta wa matofali na bei ya vifurushi vya intaneti. Basi shule inayojivunia kuunganishwa na ng'ambo, na ianze kwa kuhesabu wanafunzi wake yenyewe: ni wangapi walio nyuma ya darasa wasioweza kukiona kioo? Ni wangapi wasioulizwa kamwe waseme, kwa kuwa Kiingereza chao ni kidogo? Kama wale wale watano wenye ulimi mwepesi ndio wakaao mbele kila mara, shule haijaunganishwa na dunia. Imewaunganisha watoto watano.

Twarudi sasa kwenye swali letu. Je, kuonana ni kukutana? Twajibu: bado, lakini ni mlango wa kukutana, na mlango si kitu cha kudharauliwa. Mtu amekutana na mwenzake hapo awezapo kumwuliza na kuulizwa, hapo awezapo kukataa kujibu bila kuogopa, na hapo neno la mwenzake liwezapo kumbadilisha mwendo wake hata kidogo. Kioo chaweza kuyabeba hayo yote matatu. Lakini hakiyaleti chenyewe. Yaletwa na mwalimu aliyefikiri kabla, na wazazi waliouliza, na watoto waliofundishwa adabu.

Kwa hiyo twawashauri walimu na wazazi wa shule zetu, po pote wanapoitiwa jambo hili, washike mambo machache.

Kwanza, saa ya mkutano ipangwe na pande zote mbili, na mzigo wa saa ubebwe kwa zamu. Shule inayoombwa ibaki mpaka jioni ina haki ya kusema hapana, nayo isione haya kusema hivyo.

Pili, maswali yawe kwa usawa. Darasa likiuliza maswali kumi, na liwe tayari kujibu kumi. Na kila mtoto ajulishwe mapema ya kuwa aweza kusema, "Hilo sitalisema," naye asilaumiwe.

Tatu, wazazi waombwe ruhusa kabla picha za watoto hazijapelekwa, waelezwe kwa lugha wanayoielewa, na waambiwe kama mkutano utatunzwa au hautatunzwa. Ruhusa iliyotiwa sahihi na mtu asiyeelewa si ruhusa.

Nne, maneno ya fedha yasiingizwe katika saa ya watoto. Yana saa yake na watu wake.

Tano, mkutano mmoja usihesabiwe kuwa urafiki. Wahenga walisema, Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Madarasa yakiisha kuonana mara mbili, yapewe jembe, yaani kazi ya kufanya pamoja: kupima mvua ya miji yote miwili kwa mwaka mzima na kulinganisha, au kukusanya hadithi za wazee wa pande zote mbili na kuziandika. Palipo na kazi, intaneti ikikatika, barua itaendelea.

Mwalimu asiye na kompyuta wala umeme, akisoma habari hizi, asidhani ya kuwa hazimhusu. Ng'ambo ya kilima chake iko shule nyingine, na watoto wake hawajapata kuwauliza watoto wa huko neno lo lote ila siku ya mpira. Hao nao wana maswali, wana majibu, wana haya. Saa zao ni zile zile za kwake, wala hapana haja ya setilaiti. Na awapeleke watoto huko kwa miguu siku moja ya juma, wakaulizane; kisha siku nyingine awakaribishe wale waje kwake.